Wimbo Ambao Mwenyewe Hakuulizwa

Rau, Moshi
Jumatatu

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mama, na kwamba goti limepunguza kukusumbua sasa baridi ya huko Uru inapolegea. Je, ng'ombe ameshazaa? Mama aliniambia mnamsubiri siku yoyote. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Utashangaa kupokea karatasi kutoka kwa mtoto anayekupigia simu kila Jumapili, lakini haya kwenye simu ungeyakatiza kabla sijafika mwisho. Nakuomba usome taratibu.

Sijawahi kukueleza vizuri kazi ninayojitolea kuifanya jioni nikitoka dukani. Ipo tovuti iitwayo Sauti za Mlima. Watu wenyewe ndio wanaoweka humo nyimbo, hadithi, mapishi, hata namna ya kupogoa kahawa. Sisi wasimamizi wachache huamua kipi kibaki na kipi kiondoke. Matusi hayatupi shida, yanaondoka. Kinachosumbua ni mali ya watu. Mwalimu akichukua kipande kifupi cha wimbo ili afafanue maneno ya Kichagga yaliyomo, tunamwacha, kwa kuwa ameongeza cha kwake. Mtu akiweka kanda nzima ya kwaya bila ruhusa, tunaitoa. Wengi wako katikati ya hao wawili, na hapo ndipo ninapopapenda, maana kila siku napata swali jipya.

Mwaka huu alijitokeza mtu anayejiita Msesewe, kama ule mti ambao gome lake hutiwa kwenye pombe ya mbege. Akaweka nyimbo za kwaya za zamani, nzima nzima, na sauti safi ajabu. Watu wakazipenda. Nami nilizipenda, lakini nikaziondoa kwa kuwa hakuonyesha ruhusa.

Hakunitukana kama wengine. Aliandika kwa adabu, akaniuliza: kanda isiyouzwa na duka lolote, kwaya imetawanyika, waimbaji wengi wameshazikwa, anayeisambaza amemwibia nani? Nikamjibu kwamba mwenye mali akinyamaza hajasema chukueni. Akasema mali ikifungiwa kabatini huoza na mwenyewe akiwepo. Tuliendelea hivyo kwa wiki kadhaa, na sikufichi, nilikuwa nikiusubiri ujumbe wake. Nilitamani kumjua. Padri mstaafu? Mwalimu? Mwishowe akanishinda kidogo. Nikazirudisha nyimbo, kwa sharti kwamba mwenyewe akijitokeza, neno lake ndilo la mwisho.

Akajitokeza. Kijana wa Holili, Lucky, alituandikia kwamba wimbo mmojawapo ni wa bibi yake. Mtu fulani alikuwa ameuchukua kwenye tovuti yetu na kuutia kwenye flashi za kuuza, na Lucky aliukuta pale mpakani ukipigwa baa, watu wanaucheza, akaitambua sauti. Bibi mwenyewe, alisema, anaishi hapa hapa Rau. Nikaenda kumwona.

Bibi Mektrida alinikaribisha kwa bakuli la mtori. Nilidhani atataka kila kitu kiondolewe. La hasha. Hata zile nyingine za kanisani ni yeye aliyezitunga, na alizitunga zisikike, akasema, ila jina lake litajwe. Ule mmoja ndio hautaki. Aliuimba mara moja tu, kaburini, siku aliyomzika binti yake, na hakujua kwamba unarekodiwa.

"Ule haukuwa wimbo," aliniambia. "Nilikuwa naongea na mwanangu."

Nikatoa simu niufute mbele yake. Akanishika mkono, akaomba ausikie kwanza, maana yeye mwenyewe hajawahi. Tukausikiliza hadi mwisho. Baadaye nikamuuliza ni nani angeweza kuurekodi. Alijibu bila hasira kwamba siku zile parokiani kwao ni kijana mmoja tu aliyekuwa na redio ya kurekodia, akiivaa shingoni hata misibani. Basili wa Uru, akasema, yule mwembamba.

Niliweka bakuli chini. Nikamwambia huyo ni baba yangu. Alicheka, akasema ndiyo maana nina maswali mengi.

Baba, Msesewe ni wewe, na msimamizi uliyekuwa ukibishana naye ni mimi. Nilikuwa sijui kuwa ni wewe, kama wewe ulivyokuwa hujui kuwa ni mimi, na sijutii hata ujumbe mmoja. Nyimbo zako nyingine zimebaki, zina jina lake. Huo mmoja nimeuondoa. Zile flashi za Holili siwezi kuzikusanya. Maji yakimwagika hayazoleki.

Aliniuliza kama kanda yenyewe bado ipo. Nilimwambia sidhani kama umewahi kutupa kanda. Anaitaka. Naomba uilete wewe mwenyewe, usimpe mtu, wala usinitumie mimi. Jumamosi atakuwa nyumbani. Hakukasirikii, anachotaka ni kukuona ukiingia mlangoni kwake na kuomba kile ambacho siku ile hukukiomba. Nami nitakuwepo, kwa sababu kuna jambo sikuwahi kumuuliza Msesewe: pale makaburini, ulipobonyeza kile kitufe, ulikuwa umesikia nini?

Mfikishie mama salamu zangu, na majirani wote wa huko kihambani kwetu. Mungu awalinde hadi tuonane.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Monica