Chumvi

Mombasa, Jumapili. Miaka thelathini tangu nitoke Kalemie, kwetu ziwani.

Mujukuu wangu Amisi, namshukuru Mungu mama yako amepona. Unauliza kama unifuate kwenye kazi ya bahari.

Nikiwa kijana nilikuwa mpishi kwenye mashua ya matanga yenye matumbo mawili yaliyoungwa sambamba, tukivuka kwenda Shelisheli. Asubuhi ya kwanza nilichota maji ubavuni mwa mashua, kama tunavyofanya ziwani, nikasonga bukari, ugali wetu. Mabaharia wakaitema.

"We Chumvi, kwenu mnakunywa bahari?"

"Ziwa letu tunalinywa," nikajibu. Wakacheka zaidi.

Safari nzima ikawa Chumvi lete, Chumvi ondoa. Sasa mimi ni mzee, na bandarini bado naitwa hivyo. Huko kwetu hata wauza ndagala, vile visamaki vya ziwani, wanajua wewe ni wa nani.

Nitarudi mvua zikiisha. Mama yako naye nilimwambia hivyo nilipoondoka, akiwa mtoto. Usiondoke kabla hatujaonana.