Huduma Iliyomnyamazia Mama Ghati

Alhamisi. Mvua imekatika, jua linachoma matope ya hapa Morotonga, na mimi nina kinyaa tangu asubuhi. Hata chai imenishinda.

Usiku wa kuamkia leo tembo wameingia kwa Mama Ghati, mwenzangu wa kwaya, ambaye shamba lake liko peke yake upande wa pori. Nusu ya mahindi yamekanyagwa mpaka yamekuwa uji, na mavi yamejaa kila mahali.

Lakini si mavi yaliyonitia kichefuchefu.

Mnaonisoma mnamjua binti yangu Wankuru, maana sichoki kumtaja. Ndiye aliyetengeneza huduma ya simu ya kutuonya tembo wakikaribia, ili tutoke na tochi na madebe. Mtandao ukiwa mzuri inatuma ramani. Ukiwa mbaya inatuma maneno mawili tu. Mnara ukizimika inasubiri, ukiwaka inaendelea yenyewe. Inaangalia hali na kujigeuza. Mimi nimeishia darasa la saba, na aliyeifundisha hayo yote nimemzaa mimi. Kanisani nimelisema hilo mpaka mchungaji akaniomba nikae.

Sasa, mtandao ukiwa hafifu sana, inaanza na wale ambao huwa wanajibu. Hiyo nayo ni kazi ya Wankuru, siwezi kuificha.

Asubuhi alikuja shambani na bosi wake. Yule baba alisimama juu ya mahindi yaliyolala, akachuma jani, akafutia kiatu chake.

"Mfumo haujakosea," akasema. "Mama huyu hajawahi kujibu hata mara moja. Mfumo umemsoma kwamba hahitaji."

"Nilibipu," akasema Mama Ghati. "Kila ujumbe nilibipu."

Huku kwetu ndivyo tunavyojibu. Huna vocha, unapiga, inaita kidogo, unakata, na mwenzako anajua umepata. Mimi naandika ujumbe kwa sababu mwanangu ananiwekea vocha. Huduma ilihesabu ujumbe tu. Mama Ghati akibipu, yenyewe inaona kimya na kumsogeza nyuma. Jana mtandao ulikuwa wa kusuasua, zamu yake haikufika.

Akanigeukia. "Mama Wankuru, hiyo simu yenye akili uliyotutangazia kanisani, kubipu tu haijui?"

Mimi, msemaji wa kanisani, nikamgeukia Wankuru.

Wankuru akasema atarekebisha leo hii. Bosi akatikisa kichwa. Kuna wageni wanakuja kutazama jinsi huduma inavyojigeuza, kwa hiyo kisiguswe kitu mpaka waondoke. Nusu iliyobaki ya mahindi imesimama pale, na tembo wameshaijua njia. Yeye anawaza wageni.

Nilitema mate. Nilitema mbali na kiatu chake, lakini aliona.

Nyumbani Wankuru hakula. Aliweka kompyuta kwenye meza ya jikoni, masikio yamemwiva kama ya marehemu baba yake akikasirika. Alasiri akaniambia, "Mama, mwambie Mama Ghati abipu ile namba ya huduma."

Tukakaa tunatazama orodha kwenye kompyuta. Jina la Mama Ghati likatoka chini kabisa likapanda juu, juu ya langu.

"Bosi atakuuliza," nikamwambia.

"Aulize. Si wageni wanataka kuona inavyojigeuza?"

Nilicheka, halafu nikaacha. Kazi ile ndiyo inayotulisha, na yule baba anaweza kumtoa kwa simu moja. Naogopa. Ila ningeogopa zaidi kama mwanangu angekaa kimya, halafu mimi nikaimbe kwaya na Mama Ghati ubavuni.

Bado nasikia ile harufu kwenye nguo zangu, na bado naliona lile jani.

Kukipambazuka nitakwenda kumsaidia Mama Ghati kuokota mahindi yanayofaa kwa ng'ombe. Nimejiapiza sitasema neno kuhusu binti yangu.

Labda moja tu, akiniuliza.