Koti Lako Nililivaa Mbele ya Watu

Mtani wangu Fadhili,

Nimekasirika. Naanza na hilo mapema kwa sababu nakujua, ungenichekesha kabla sijamaliza salamu, na safari hii sitaki kuchekeshwa. Umezikwa Jumanne pale kwenu Lisekese. Nilikuwepo, na kazi ya mtani nimeifanya kama inavyotakiwa. Nimerudi Mnyambe na hasira ile ile niliyoondoka nayo, kwa hiyo nakuandikia wewe uliyeisababisha.

Kwetu mtani hakasirikiwi. Hilo tulizaliwa tukalikuta. Ukoo wenu wa Kimakua na wetu wa Kimakonde zimetaniana tangu babu zetu hawajajua viatu, na anayenuna ndiye anayeaibika. Nakumbuka likizo ya kwanza ya chuo, basi la Newala lilipoharibika Masasi, ukanipeleka kwenu nikalale. Mama yako alinitazama kuanzia utosini mpaka vidoleni.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Mmakonde huyu! Huko juu kwenu leo mmepata maji ya kuoga, au mmejipangusa umande tu?"

"Tumeoga, mama. Na nyie hapa, majabali yote haya ya Masasi mnayoyapika, bado hayajaiva tu?"

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akatupakulia ugali wa muhogo na panya wa shambani wa kuchoma, wanono. Ulikula wa kwako ukanyang'anya na wa kwangu, ukatafuna mpaka vichwa, mafuta yanakutiririka kidevuni. Naomba hilo la panya ulikumbuke vizuri.

Na ukumbuke pia uani kwetu Mnyambe. Ndiyo kwanza soko la korosho lilikuwa limefunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi. Ushirika ulikuwa hoi, na salfa ya kupulizia mikorosho iliyokuwa ikija kwa ushirika sasa ililetwa na yeyote mwenye gari. Baba alipuliza msimu mzima, ugonjwa wa ubwiriunga ukamshinda, maua yakakauka yakiwa meupe kama yamemwagiwa unga wa sembe. Tukachota unga uliobaki kwenye mfuko wake, tukauweka kwenye kifuniko cha sufuria juu ya makaa, mimi na wewe tumechuchumaa. Salfa ya kweli inayeyuka, inawaka moto wa bluu, na moshi wake unakukaba koo. Ule wa baba ulikaa tu pale kama majivu.

"Somoe, wanauziwa chokaa hawa," ukasema.

Baba alikuwa kwenye kigoda, anatusikia. Aliinuka akaenda kuangalia mikorosho yake.

Ni wewe uliyenisukuma nigombee uenyekiti chuoni. Chama chetu cha wanafunzi wa sayansi kiliruhusiwa kuazima gari na vifaa vya idara wakati wa likizo, na mwenyekiti ndiye aliyekuwa akiamua viende wapi. Mimi nilitaka viende magulioni, Newala na Masasi, kabla watu hawajaanza kupuliza, mkulima achote unga wake mbele ya muuzaji tumwashie aone kwa macho. Sikuwa na sera nyingine. Tuliipanga pamoja, kwenye vibaraza vya maabara, siku baada ya siku, na ukasema utaninadi wewe, kwa sababu mdomo unao.

Mdomo ulikuwa nao kweli.

Siku ya uchaguzi ukumbi umejaa, watu wamekaa mpaka madirishani. Ukapanda jukwaani na lile koti lako la kahawia, ukakuna sikio kama kawaida yako, ukasema:

"Jamani ee, huyu Somoe msimchague kabla hamjafikiri. Huyu Mmakonde, bwana. Mkimkabidhi maabara, panya wa majaribio wote atawala!"

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga meza. Na wewe ulikuwa unacheka pale mbele, umefurahi, unanitazama unasubiri nikurudishie, kama tupo kwenu na mama yako ameegemea ukuta.

Ulikuwa umesahau nini, Fadhili? Mle ukumbini mtani wangu alikuwa mmoja tu. Wale wengine walitoka huko walikotoka, hawajui utani wetu una mipaka gani, wala hawajui kwamba kwetu unayemtukana hivyo hadharani ndiye unayempenda. Wewe ulinitania, wao wakaamini. Nilipanda, nikasema "Ndugu wanasayansi," kuna mtu nyuma akalia kama panya. Nikaanza tena, wakalia watatu, wanne. Habari ya salfa sikufika hata nusu. Nikashuka.

Na panya ulikula wewe! Kwenu, kwa mikono yako miwili! Hilo ndilo linanipandisha mori hadi leo. Ungewaambia basi kwamba wewe ndiye hodari wa vichwa.

Nje ukanifuata. "Ah, Somoe, si utani tu? Usiniambie umenuna."

Ningejibu nini? Kununa ni aibu. "Sijanuna," nikasema, nikacheka. Nilicheka, meno nje, na kura zimeshakwenda. Wiki haijaisha, mwenyekiti mpya akakupa ukatibu, ukaupokea. Uliniambia umeupokea ili unisaidie mpango wangu ukiwa ndani. Likizo ile gari la idara lilikwenda ufukweni, na katibu alikuwa kiti cha mbele.

Mimi nilimaliza chuo naitwa Mama Panya. Hilo lingepita. Lakini baba alipuliza chokaa msimu mwingine, na mwingine tena, majirani nao hivyo hivyo, kisha akaanza kukata mikorosho iliyopandwa na baba yake na kuichoma mkaa. Wewe ulipita Mnyambe ukaiona imebaki visiki. Ulimwambia nini mzee? Ulimtania. Ulimwambia Wamakonde sasa wamechoka korosho wanataka kula moshi. Naye akacheka, kwa sababu mtani hakasirikiwi.

Sasa Jumanne. Kabla ya kukutoa nyumbani, mama yako aliniita katikati ya uwanja. Amezeeka, Fadhili, macho yake hayaoni vizuri. Akanikabidhi lile koti la kahawia.

"Somoe, mtani wake ni wewe. Mwigize mwanangu kama mila ilivyo, tumwone mara ya mwisho."

Nikalivaa. Nikatembea kama wewe, bega moja juu. Nikakuna sikio. Nikasema "Jamani ee" kwa sauti yako, na uwanja mzima ukaangua kicheko, waombolezaji machozi na kicheko pamoja. Nikaomba sigara kama ulivyokuwa ukiomba, nikajifanya sina kiberiti. Wakacheka zaidi. Na mimi nikajikuta nimesimama tena katika ule ukumbi, safari hii nikiwa na koti lako, na mdomo wako ni wangu.

"Jamani ee," nikasema. "Huyu Somoe tumewasha naye unga uani kwao. Kila anachowaambia nimekiona kwa macho yangu. Baba yake anauziwa chokaa. Mchagueni. Panya tunakula wote."

Wakacheka kweli kweli, maana sauti ilikuwa yako kabisa. Mama yako hakucheka. Akanishika mkono wa koti.

"Alisema hivyo, mwanangu?"

Nikatazama jeneza lako. Ningeweza kusema ndiyo. Ndiyo moja tu, ungelala vizuri, na yeye angelala vizuri.

"Hakusema, mama."

Akasema nisilivue koti mpaka wamekuzika, nikaandamana nawe nimelivaa, jua kali, jasho linanitoka ndani ya nguo yako.

Limetundikwa hapa ukutani ninapoandika. Ni langu sasa, ndivyo mila ilivyo. Mila ile ile inasema nisikukasirikie. Basi sikuandikii kama mtani, Fadhili. Nakuandikia kama mtu uliyechuchumaa naye mbele ya makaa, ukaona alichoona, ukaenda kukicheka mbele ya wageni. Kama mtu huyo nina haki ya kununa, na nimenuna.

Lala ulivyolala.

Mwenzako wa uani Mnyambe,
Somoe