Niliibana Sauti ya Redio ya Rafiki Yangu

Mshauri wangu, nakuandikia nikiwa na akili zangu timamu lakini moyo hautulii, na naomba unipe neno kabla ya Jumamosi.

Mimi ni mzee mstaafu, nilifanya kazi ya simu ya upepo, ile ya kutuma habari kwa milio ya redio, katika shirika la reli kwa miaka thelathini na mmoja, na sasa niko katika chama cha waendeshaji redio wa ridhaa, watu ishirini hivi ambao hujiundia redio zao na kuzungumza na wenzao wa mbali kwa kujifurahisha tu, na humo chamani wananiita Masikio, kwa sababu redio mbili zikilinganishwa sauti hukumu yangu hairudiwi. Mwezi uliopita chama kilitaka kuchagua redio moja ya kupokelea iwekwe katika chumba chetu cha mikutano, zikaja mbili, moja ya fundi cherehani ambaye ni rafiki yangu tangu ujana, aliyeiunda kwa mikono yake kwa miaka miwili, akilehemu kila waya juu ya meza ileile anayokatia suruali, na nyingine ya mume wa binti yangu, nami nikakubali kuhukumu kwa kuwa zingefunikwa shuka nisijue ipi ni ya nani.

Siku ya kuzilinganisha, Jumapili, nilifika mapema kuzijaribu, na kwenye redio ya fundi nikanasa milio ya nukta na mistari kutoka mbali sana, ile lugha niliyoifanyia kazi maisha yangu yote, nikazungusha kitufe cha kichujio hadi mwisho ili nibane sauti na kuusikia mlio ule peke yake, kwani hivyo ndivyo tufanyavyo, nikasikiliza kwa raha mpaka watu wakaanza kuingia, nikasahau kukirudisha. Huenda wewe hujui, lakini sauti ya mtu ikipita kwenye kichujio kilichobanwa namna ile hutoka kama amejifunika blanketi. Katibu akatutoa nje, akazibadilisha nafasi, akazitega kwenye stesheni moja, akazifunika, tuliporudi akaziunganisha kwa zamu kwenye antena moja na spika moja, tukamsikiliza mama mmoja akisoma habari za mvua, nami nikasema redio ya kwanza iko wazi kama mtu aliyeketi mbele yako, na ya pili, Mungu anisamehe, nikasema huyu mama anasoma akiwa ndani ya mtungi, watu wakacheka sana. Shuka ilipoondolewa nikaona kitufe kimeelekea upande wa kubana, nikajua papo hapo, ila watu walikuwa wakimpigia mkwe wangu makofi na binti yangu amesimama pembeni akifuta machozi ya furaha, nikatia sahihi karatasi ya hukumu, na baadaye nilipokuwa nikimsaidia fundi kukunja waya nikakirudisha kitufe kwa kidole gumba, naye hakuona.

Aliniambia maneno machache tu. "Sikio lako silipingi, kaka. Kumbe miaka miwili nashona mtungi."

Tangu hapo hajasikika hewani, na sisi tulikuwa tukisalimiana kila asubuhi kabla hajafungua duka, sasa naita na kuita naambulia mikwaruzo. Mke wake amemwambia mke wangu kwamba redio haijawashwa tena hata mara moja, na kwamba Jumamosi ataifumua na Jumapili atawagawia wanachama vipuri. Mke wangu naye ananiuliza mbona nakula kama mtu mwenye kesi. Nikisema ukweli watasema nilimpendelea mkwe, na binti yangu ataaibika. Nikinyamaza, kazi ya miaka miwili inakwenda. Nimefikiri nimwendee rafiki yangu nimsihi asiifumue, bila kutaja kitufe. Je, hilo halitoshi?

Masikio

*

Mzee mwenzangu,

Barua yako ni ndefu, na sehemu kubwa yake inanieleza redio. Nimeisoma yote, lakini hukuniandikia kwa ajili ya vichujio.

Kusahau kitufe si dhambi. Mkono uliozoea kazi moja kwa miaka thelathini huifanya hata usipoutuma. Ulipotia sahihi ulikuwa umeshikwa na haya, na haya humshika kila mtu. Ninachokulaumu ni kidole gumba. Umekitaja haraka haraka, kana kwamba ningelipita neno hilo bila kuliona. Pale ulikuwa ukifuta ushahidi, tena mbele ya mwenyewe, huku ukijifanya unamsaidia kukunja waya. Usiniambie tena kwamba ulisahau.

Kumsihi asiifumue bila kutaja kitufe hakutoshi hata kidogo. Atadhani unamwonea huruma, na fundi ahurumiwe kwa kasoro isiyo yake?

Kesho asubuhi nenda dukani kwake kwa miguu yako. Usimwite hewani, maana huko wengine wanasikiliza, na yeye ndiye anayestahili kusikia kwanza. Usianze na habari za antena. Mwambie: nilibana, nikasahau, nikaona, nikaficha. Kisha nyamaza. Akikufokea, pokea. Akikufukuza, ondoka, mradi umeshasema.

Ukitoka hapo pitia kwa mkwe wako. Yeye hakukosa lolote, basi asiyasikie mambo haya mara ya kwanza ukumbini. Binti yako ataona haya siku mbili tatu. Akiyajua mwakani kwa kinywa cha mtu mwingine, hatakuamini tena hata ukimtajia saa.

Jumapili simama mbele ya wenzako useme yote, pamoja na kidole. Omba ulinganisho urudiwe, kila mmoja akague vitufe vyake mwenyewe kabla ya shuka kuwekwa, nguvu ya sauti iwe sawa kwa zote mbili, na wahukumu watu watatu. Wewe kaa viti vya nyuma. Wapo watakaosema ulimpendelea mkwe. Waache waseme, hayo umejitakia. Na hilo jina la Masikio likikutoka, usilikimbilie.

Tena usimwahidi fundi ushindi. Huenda redio ya mkwe wako ni bora kweli, hata kitufe kikiwa mahali pake. Hujui, nami sijui, kwa sababu siku ile redio moja ilisikilizwa na nyingine haikusikilizwa. Rafiki yako anakudai kusikilizwa, basi. Mwendee kabla hajashika bisibisi.