Kukiri Bure, Kukana kwa Ada

Mpendwa mshauri, msaada nauomba kwako maana kwingine wameniambia nilipe kwanza. Mie bibi wa Chamazi, kusoma nimejifunzia ngumbaru, ukikuta kosa ruka, lakini mwizi si mie.

Binti yangu Najat alikwenda Maskati kufanya kazi za ndani akaniachia mwanawe Farida ananyonya, na kwa kuwa kuandika alikuwa mvivu akawa ananirekodia salamu kwenye kaseti, ya mwisho akachukua kaseti ya taarabu ya dukani, akaziba kwa karatasi vile vitundu vya juu vinavyozuia kurekodi, akarekodi sauti yake juu ya nyimbo, haikupita miezi miwili akafa akazikwa hukohuko, kaseti za mwanzo zilishakatika, basi Farida hana mama mwingine ila ule utepe, tunausikiliza kila Ijumaa, mie naujua mpaka anapokohoa. Redio ikaanza kuutafuna, nikaupeleka kwa Mudathir mwenye kibanda cha kurekodi anitolee nakala, siku hiyohiyo wakaguzi wa kaseti za wizi wakakomba kibanda kizima, na jina langu limo kwenye daftari lake. Nikaletewa barua: nimedurufu nyimbo za watu, nina siku ishirini na moja za kupinga, nikinyamaza nimekiri na kaseti inachomwa.

Nikaenda. Karani wao, Albano, mtu mwenye mvi kama zangu.

"Iweke redioni usikie kama hiyo ni taarabu," nikamwambia.

"Kusikiliza ndiyo kesi yenyewe, mama. Kesi ina ada, elfu nane."

"Nikishinda mnanirudishia?"

"Ada hairudi."

"Na nikisema nimeiba?"

"Hiyo bure. Weka kidole hapa."

Nikamwambia kidole akaweke yeye, nikatoka. Majirani wakataka kuchanga, nikawafukuza, sichangiwi kesi ya wizi mie. Ninacho kitanda cha samadari alichozaliwa Najat, Badru seremala anatoa elfu tano. Niuze na bado nipungukiwe, au niweke kidole, nikubali wizi, labda wanionee huruma wanipe kaseti? Zimebaki siku tano.

Bi Hamisa, Chamazi

Shikamoo, Bi Hamisa. Huruma ninayo, lakini kwanza nikuseme. Siku kumi na sita umekaa na barua ile ukilinda uso wako. Mchango wa majirani haukuwa wa wizi, ulikuwa wa Najat, nawe ukawafukuza. Hapo uliteleza, bibi.

Na hao waliokuandikia wasome hapa: anayekana alipe, anayekiri asilipe, basi kwenu maskini ni mwizi kabla hajafungua mdomo. Dakika moja ya kusikiliza ingetosha.

Barua yako imenifikia siku ya nane tangu uiandike. Nilikwenda ofisini mwenyewe, Albano akanionyesha pipa. Kaseti zisizopingwa zilichomwa Jumatatu, na hakuna aliyezisikiliza. Mudathir nimemtuma akwambie kabla hujasoma haya.

Sasa nisikilize. Kidole usiweke, hata wakuite tena. Kitanda usiuze. Majirani uliowafukuza wafuate uwaombe radhi, maana msiba huu hutauweza peke yako. Kisha mkalishe Farida leo, kabla neno moja halijakupotea, umpe salamu zile zote kama mama yake alivyozisema. Na pale alipokohoa, kohoa.