Mwanga Usioona Watu

Dammam, 19 Januari 2024

Mdogo wangu Amuron,

Natumaini kifua kimeacha kukusumbua na ng'ombe wa Papa wanapata maji. Mimi mgongo unauma, lakini bado unabeba. Leo Ijumaa hatuendi kubeba saruji, kwa hiyo nimelala na simu mkononi.

Papa alinipigia jana akicheka kama mtu aliyeshinda kesi. Anasema chuo kimekupa tochi iliyo angani, na kwa hiyo tochi unaona vumbi la Saudia. Akaniuliza, "Umevaa nini saa hii? Amuron akuangalie." Nilidhani ni pombe ya ajono imempanda kichwani. Ni kweli unaniona? Kama ni kweli, usimwambie nilivyokonda.

Nieleze polepole, unajua shule niliiachia darasa la saba. Na niambie kama mmeanza kuchoma magugu shambani. Vumbi la huku halina harufu. Ule moshi wetu wa Januari, unaolala chini asubuhi mpaka malori ya foleni ya Malaba yanaonekana kama yanaelea, siku hizi nauota.

Kaka yako,
Ikapel


Chakol, 23 Januari 2024

Kaka yangu,

Kifua kimepona, ng'ombe wanakunywa. Papa ni mzima, ni mdomo wake tu unaotuumiza.

Sikuoni. Kulikuwa na setilaiti iliyozunguka dunia miaka mingi ikirusha mwanga wa leza chini. Mwanga ukigusa wingu, vumbi au moshi, sehemu yake ilirudi, na setilaiti ikaandika kitu hicho kiko juu kiasi gani. Ilishaacha kazi, lakini kumbukumbu zake zipo. Sasa watu wanataka kuunda chombo kingine cha kupima upepo kutoka angani. Upepo wenyewe hauonekani, kwa hiyo chombo kitapiga mwanga kwenye vumbi linalobebwa na upepo, na mwanga utarudi umebadilika kidogo kufuatana na mwendo wa hilo vumbi. Shida ni kwamba wingu zito linauzuia, na hewa safi mno haina cha kuurudisha. Kwa hiyo kabla ya kuunda, tunapekua zile kumbukumbu za zamani: vumbi linatosha wapi, mawingu yana mianya wapi, leza iwe na nguvu kiasi gani. Mimi nimepewa njia ya upepo unaotoka huko Uarabuni kuja mpaka ziwa letu.

Nilimwambia Papa vumbi la Uarabuni linaonekana. Akalipeleka neno hilo kwa Mama Mourine, muuza ajono, wazee walikoketi kuzunguka chungu cha ajono, kila mmoja na mrija wake. "Binti yangu anaona Saudia!" Mzee Callistus akamjibu, "Basi muulize kama Ikapel ameoga." Wakacheka mpaka mirija ikawatoka midomoni. Mama Mourine, aliyekuwa akiongeza maji moto chunguni, hakucheka.

Asubuhi yake alikuja kwangu na picha ya binti yake Mourine. Alienda kufanya kazi ya nyumba huko huko Dammam, na tangu Septemba simu yake haiingii. Akasema, "Mwanangu, nimulikie hata mgongo wake tu." Nikamweleza kwamba mwanga huo hauoni watu. "Unaona vumbi ukose mtu? Mtu si mkubwa kuliko vumbi?"

Kaka, wewe una miguu huko. Uliza.

Dada yako,
Amuron


Dammam, 9 Februari 2024

Mdogo wangu,

Salamu zako zimenikuta mzima ila nimechoka. Nitasema wazi: huo mzigo usiniwekee. Mji huu ni mkubwa na nyumba zina kuta ndefu kuliko kanisa la Chakol. Mwanaume mgeni akiulizia msichana wa nyumba, anashikwa. Mimi hapa ni mtu wa kubeba, basi.

Lakini umeniharibia usingizi. Tuliuza mayai ya kuchemsha pamoja Malaba, mimi na Mourine. Mimi nilikuwa nainua sahani na kungoja. Yeye alipanda mpaka kwenye mlango wa lori: "Boss, utafika Kampala na tumbo tupu? Mke wako atasema Kenya hatuna adabu!" Dereva anacheka, ananunua. Pilipili alikuwa ameifunga kwenye kona ya leso.

Mwambie mama yake huku simjui mtu.

Kaka yako,
Ikapel


Chakol, 15 Machi 2024

Kaka,

Hujajibu simu, natumaini ni kazi tu wala si ugonjwa. Sisi tuko, mvua imeanza.

Sikumwambia Mama Mourine ulivyosema. Anakuja kila siku, anaketi kando ya kompyuta yangu, anaangalia ile michoro. Kuna siku mzee Callistus alimweleza kwamba wingu linazuia mwanga. Tangu hapo ananiuliza, "Leo kuna wingu?" Na mimi, kwa kukosa moyo, nasema, "Lipo, mama." Anashukuru, anaenda zake nyumbani. Kumbukumbu hizo ni za miaka iliyopita, kaka! Wakati huo Mourine alikuwa bado hapa Chakol akichota maji. Siwezi kuendelea kumdanganya kwa wingu.

Dada yako,
Amuron


Dammam, 26 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Mimi ni mzima. Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa natafuta, na sikutaka kukupa matumaini ya bure.

Kila Ijumaa nilienda kwenye duka ambako Wakenya na Waganda wananunua unga. Mwishowe mama mmoja wa Tororo, Mteso mwenzetu, akasema anamjua msichana wa Chakol. Alinyang'anywa simu na matajiri wake. Anatoka nje asubuhi tu, kutupa taka.

Asubuhi ni saa za kazi. Jumanne sikwenda kazini, nikaenda kusimama karibu na pipa la taka alilonielekeza huyo mama. Alipotoka nikamsalimia kwa Kiteso, "Yoga, Mourine." Mfuko ukaanguka. Akaniangalia sana. "Ikapel? Umezeeka hivi!" Hata hapo, Amuron, hata hapo utani!

Hakurudi ndani. Tulichukua teksi mpaka kwa wanaowasaidia akina dada kama yeye. Wanamtengenezea karatasi za safari. Njia nzima tuliongea Kiteso, habari za Malaba, nani aliolewa, nani alikufa. Ulimi ulikuwa unaniuma kwa kutozoea.

Walimpa simu ampigie mama yake. Mama yake akauliza kwanza, "Umekula?" Mourine akanisukumia simu, mimi nikasema ndiyo, amekula.

Msimamizi amenifukuza kwa ile siku niliyokosa kazini. Tiketi ya kurudi kampuni imeshanipa, nafika wiki ijayo. Papa usimwambie, atatangaza. Wewe na mimi hatuna tena mama. Kwa hiyo nikiingia uani, kabla ya kuniuliza nimeleta nini, niulize wewe kama nimekula.

Kaka yako,
Ikapel