Mkwe Wangu Yuko Ufukweni

Jumatatu, 7 Julai
Siku ya nne ufukweni. Nimekaa palepale chini ya mwavuli, uso kwa barabara, mgongo kwa bahari. Wazee wa Kihispania wananishangaa. Nawapungia mkono kama waziri aliyekuja kukagua mradi.

Bahari yao imetulia kama maji ya beseni. Watoto wanaingia mpaka shingoni, mama zao wanapiga soga tu. Hakuna mlevi, hakuna anayegombana. Nimeendesha lori Tunduma hadi Lubumbashi miaka ishirini na mbili, sijaona mji wenye adabu hivi.

Ila mke wa mwanangu yuko nyuma yangu, majini, na alichovaa hakitoshi hata kufutia kioo cha lori.

Jumanne, 8 Julai
Niandike ukweli, hapa hakuna wa kunicheka. Kwetu Rungwe baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, wakikutana njiani mmoja anakwepa. Kwetu hiyo ndiyo heshima, tena ile kubwa. Mbeya mjini wengi wameshaacha. Mimi mwenyewe nilikuwa naicheka mila hiyo mbele ya mwanangu Lusajo, ndiyo maana mtoto hana habari nayo.

Lakini marehemu mke wangu alimkwepa baba yangu miaka kumi na saba. Akimsikia anakohoa tu, huyoo, migombani, na ndoo kichwani. Baba alipokufa, alimlilia kuliko mabinti wa kuzaa.

Sasa mimi nimkodolee macho mkwe wangu akiwa anaogelea?

Kilichoniponza ni mdomo. Kabla sijaja Lusajo alisema kwenye simu, "Baba, usije ukashangaa watu wa huku." Nikamjibu, "Nishangae nini? Mimi mtu wa dunia. Nimekula meza moja na machifu wa Kongo." Chifu mwenyewe alikuwa mlinzi wa geti.

Alhamisi, 10 Julai
Nakula chumbani. Nasema tumbo linasumbua. Marta, ndiye mkwe, anaacha sahani mlangoni, anagonga, nami nasubiri nyayo zake ziishe. Leo wali wa manjano na kamba. Nimelamba sahani. Tumbo gani hilo linaloumwa na kulamba sahani?

Mchana mjukuu wangu Tusa, miaka minne, kanivuta mkono nikaoge naye. Anajua maneno matatu ya Kiswahili: babu, njoo, hapana. Aliyarudia yale mawili ya mwanzo mpaka sauti ikakauka. Mama yake alikuwa majini anamngoja. Nikasema hapana. Alilielewa vizuri sana. Akaondoka bila kugeuka.

Upweke huu sijauona hata kwenye foleni ya mpakani, wiki nzima lori halisogei. Kule angalau madereva wenzangu wananitukana.

Jumamosi, 12 Julai
Kumeharibika. Lusajo kaingia chumbani asubuhi, kafunga mlango.

"Baba, Marta amelia. Anasema unamchukia kwa sababu ni Mzungu. Hujamtazama usoni hata mara moja."

Nikaanza utani wangu.

"Usicheke, baba. Anaomba nibadilishe tiketi yako, urudi mapema. Na mimi sina la kukutetea."

  Nikamwaga yote: mama yake, migomba, ndoo. Akakaa kitandani puu, kama gunia la mpunga wa Chimala.

"Si ungesema tu, baba?"

"Ningesemaje, na nimeshajisifu?"

Hakucheka. Akaenda kumweleza mkewe. Nikasikia Kihispania nyuma ya ukuta, kirefu. Akisema nirudi, nitarudi. Mwezi huu Mbeya baridi inakata masikio, na nyumba yangu haina mtu. Naogopa. Basi, nimeandika.

Jumapili, 13 Julai
Tiketi haijaguswa.

Nilikuwa peke yangu chini ya mwavuli. Nikasikia kiti kinaburutwa mchangani. Kikawekwa nyuma yangu, kikaelekea baharini. Mtu akakaa. Pembeni mwa jicho nikaona ncha ya kitenge. Ni kile cha zawadi nilichomnunulia soko la Mwanjelwa, Mbeya. Amejitanda chote, na jua hili.

Hatukugeuka. Mgongo kwa mgongo, hatua mbili katikati. Akasukuma bakuli la zabibu nyuma bila kuangalia, likapinduka. Akasema neno la Kihispania, nadhani la kujilaumu. Nikaziokota mojamoja, nikala na mchanga wake.

Tusa akawa anapita kati yetu na maji, anamwagia mama miguu, anakuja kwangu, anarudi.

Tulikaa mpaka jua likashinda mwavuli. Yeye ndiye aliyeondoka kwanza, polepole, kwa kuzungukia mbali.

Zimebaki siku nane. Nitaondoka sijui macho yake yana rangi gani. Mbeya wataniuliza mkweo yukoje. Nitasema ana heshima. Sitakuwa na la kuongeza.